Maji Yanayopita Chini: Historia ya Chemchemi za Moshi

Muulize mkazi wa mtaa wa Majengo maji ya Moshi yanatoka wapi, na mara nyingi atakuonyesha kaskazini, kwenye weupe wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ndivyo macho yanavyotushawishi: theluji iko juu, mji uko chini, basi theluji inayeyuka na kutushukia. Lakini Moshi hainywi theluji. Maji yanayojaza ndoo za Majengo, yanayonywesha majaruba ya Mabogini na kuzungusha mitambo ya umeme kule Hale na Pangani, kwa sehemu kubwa yalianguka kama mvua msituni, yakazama, yakasafiri ndani ya mwamba mahali pasipo mwanga, kisha yakaibuka pale mlima unapokutana na tambarare. Historia ya mji huu, tangu enzi za mamangi, watawala wa Uchagga, hadi mita ya maji ukutani, ni historia ya maji hayo ya chini, na ya watu walioyafuata, walioyachepusha na waliogombana kwa ajili yake.

Tuanze na barafu, maana ndiyo inayotupoteza. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Kama mito yetu ingekuwa inategemea barafu, Karanga na Weruweru zingekuwa zimenywea kwa kiasi hichohicho katika miaka mia moja, na leo tungekuwa tunachimba mchanga kutafuta unyevu. Halafu sehemu kubwa ya barafu ile haiwi maji kamwe. Kwenye mwinuko wa karibu mita 5,900, jua ni kali na hewa ni kavu mno, na barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kupeperuka. Uchunguzi wa kemia ya maji ya Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2010 ulifuata alama zilizomo ndani ya maji yenyewe, ukaonyesha kwamba chemchemi zinalishwa na mvua, na mchango wa barafu ni mdogo sana. Naye Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, amekadiria kwamba asilimia 96 hivi ya maji yanayotiririka Kilimanjaro asili yake ni ukanda wa msitu.

Asilimia 96! Takwimu hiyo ingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila shule ya mkoa huu, karibu na picha ya Kibo.

Msitu na mwamba

Mawingu yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hufika Kilimanjaro yakakuta ukuta. Yanalazimika kupanda, na yakipanda yanapoa, na yakipoa yananyesha. Moshi mjini hupata kiasi cha milimita 900 za mvua kwa mwaka. Ukipanda hadi mwinuko wa mita 2,200 hivi upande wa kusini, ndani ya msitu wa mikulo, mti ambao Wachagga huuita mseri, mvua hufikia karibu milimita 3,000. Zaidi ya hapo mvua hupungua tena, na juu kileleni ni jangwa la baridi. Kwa hiyo bohari ya maji ya Kilimanjaro iko kiunoni mwa mlima, katikati ya ukungu. Na ukungu wenyewe ni maji: kuvumwani, ndevu za miti na vichaka vya Erika huunasa, nao hudondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua.

Kinachofuata ni kazi ya mwamba. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizokua zikibebana, Shira, Mawenzi na Kibo, na ujenzi wake ulianza zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Kila mlipuko ulimwaga lava juu ya lava ya zamani, na katikati ukaacha majivu, changarawe na vifusi. Lava ikipoa hupasuka. Mlima mzima, kwa hiyo, ni kama mtungi mkubwa wa udongo: unajazwa kwa juu na kutoa jasho ubavuni na kitakoni. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, hukutana na tabaka gumu, hutambaa juu yake kuelekea chini, hupata ufa mwingine, na safari inaendelea.

Jasho hilo hutokea hasa kwenye mkanda wa chini, mlima unapolala na kuwa tambarare. Huko ndiko ziliko chemchemi ambazo majina yake tunayasikia bila kuyaunganisha: Nsere na Shiri, zinazoulisha mji wa Moshi, Njoro, ndani ya mipaka ya manispaa yenyewe, Miwaleni kule Kahe, Chemka kule Rundugai wilayani Hai, ambako vijana hujirusha kwa kamba kwenye maji ya buluu chini ya mikuyu. Zunguka upande wa mashariki utalikuta Ziwa Chala, limekaa ndani ya kasoko kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, halina mto mkubwa unaoingia wala unaotoka. Maji huingia na kutoka chini kwa chini, na si mbali, karibu na Taveta, kuna chemchemi za Njoro Kubwa. Upande wa kaskazini, maji ya mlima huu huu ndiyo yanayojaza vinamasi vya Amboseli ambamo tembo hujichovya katikati ya vumbi, na ndiyo yanayotoka Nolturesh, Loitokitok, ambako Wakenya walitandaza bomba refu kuelekea Kajiado na Machakos. Mlima mmoja unanywesha nchi mbili, na watu wengi wa pande zote mbili wanadhani wananywa barafu.

Tabia ya kijito cha chemchemi

Mto wa mvua na kijito cha chemchemi hutofautiana tabia. Mto wa mvua hujaa masika, ukawa mwekundu kwa udongo, ukabeba magogo na wakati mwingine nyumba, kisha kiangazi ukabaki mawe. Kijito cha chemchemi hakina papara. Maji yake yamechujwa na mwamba, kwa hiyo ni meupe hadi uhesabu changarawe chini. Joto lake halibadiliki sana mchana na usiku, Januari na Julai. Na wingi wake hufuata mvua kwa kuchelewa, kwa sababu maji huchukua muda mrefu kupita ndani ya mlima. Hii ndiyo zawadi yenyewe: kati ya Juni na Oktoba, wakati tambarare ya Kahe imepasuka kwa ukame, chemchemi bado inalipa deni la masika.

Uthabiti huo huita viumbe vya aina yake. Kando ya Moshi, upande wa kusini mashariki, uko Msitu wa Rau wenye ukubwa wa hekta 570 hivi. Ukiuangalia kwa mvua inayonyesha pale, msitu wa namna hiyo haukupaswa kuwepo. Mahali hapo pangekuwa migunga na nyasi. Upo kwa sababu mizizi inanywa maji ya chini ya ardhi ambayo hayako mbali na uso wa udongo. Humo kuna mivule na mikuyu, kuna mbega wakirukaruka na mikia yao meupe, na kuna msoo, mti mrefu unaopatikana sehemu chache sana duniani, ambao wanasayansi waliuita *Oxystigma msoo* wakichukua jina la wenyeji. Misitu ya Kahe, nayo ni ya aina hiyohiyo. Hii ni misitu ya chemchemi, na mtu akikata mti pale, au akiyapunguza maji yale juu, yote mawili yanaua kitu kilekile.

Maji yenyewe yana wakazi wake. Ziwa Jipe na mto Pangani vina perege wao, *Oreochromis jipe*, na Ziwa Chala lina perege wake lenyewe, *Oreochromis hunteri*, asiyejulikana mahali pengine popote. Samaki huyo sasa yuko hatarini kabisa kutoweka, na perege wa kigeni walioletwa ziwani wamechukua nafasi yake. Ziwa lililofungwa na kuta za kasoko kwa maelfu ya miaka lilitengeneza samaki wake, na binadamu akawaingiza wageni kwa muda mfupi tu.

Ndugu wa mbali, kule Uingereza

Kuna nchi nyingine yenye vijito vya tabia hii, na historia yake inatufaa sana sisi wa Moshi. Kusini na mashariki mwa Uingereza ardhi imekaa juu ya chaki, mwamba mweupe uliojengwa na maganda ya viumbe wadogo wa baharini waliokufa zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Chaki ina matundu na nyufa, kama lava yetu. Mvua ya kipupwe huzama ndani yake, hukaa, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi wakati wa kiangazi ikiwa safi, ya ubaridi usiobadilika wa nyuzi 10 au 11 za Selsiasi. Mito ya namna hiyo duniani inahesabiwa kuwa mia mbili na kitu tu, na iliyo mingi kabisa iko Uingereza. Michache iko kaskazini mwa Ufaransa na Denmark. Test na Itchen, mito ya Hampshire, inajulikana na wavuvi wa samaki aina ya trauti dunia nzima.

Kinachonivutia zaidi si samaki. Ni mfereji. Mwaka 1613 mji wa London, ukiwa umechoshwa na maji machafu ya mto Thames, ulifungua mfereji ulioitwa New River. Ulichukua maji ya chemchemi za chaki kule Hertfordshire na kuyaleta mjini kwa kufuata mlalo wa vilima, ukizunguka kila kona ili usipoteze mwinuko, urefu wa kilomita 62 hivi, huku mteremko wake wote ukiwa mita chache tu. Hakukuwa na pampu njiani. Ulikuwa ni ujuzi wa macho na wa kusoma mlalo wa ardhi. Mchagga yeyote wa wakati huo angeitambua kazi ile mara moja, kwa sababu kwenye miteremko ya Kilimanjaro watu walichimba mifongo, mifereji yao ya maji, kwa akili hiyohiyo, bila mfalme kutia fedha kama James wa Uingereza alivyofanya kwa New River.

Na kilichofuata Uingereza ni onyo. Katika karne ya 20 miji ilikua, visima virefu vikachimbwa kwenye chaki, na maji yakavutwa kwa pampu kabla hayajafika kwenye chemchemi. Vijito vilivyotiririka karne kwa karne vikaanza kukauka sehemu za juu, hata miaka ambayo mvua haikuwa mbaya. Hakuna aliyeviziba wala kuviwekea ukuta. Maji yalichukuliwa mahali ambapo hakuna anayeona. Taifa tajiri, lenye sheria, lenye vipimo vya mvua vya karne nzima na lenye wavuvi matajiri wa kupaza sauti, lilishindwa kuilinda mito ambayo karibu yote iko kwake peke yake. Sisi tuna kila sababu ya kuchukua tahadhari mapema.

Mifongo

Turudi mlimani. Mmisionari Charles New alipopita Uchagga mwaka 1871 akielekea kwenye theluji, alikuta nchi iliyokwisha kufumwa kwa mifereji. Mfongo huanzia kwenye banio la mawe, majani na udongo ndani ya korongo, mbali juu, kisha hutoka taratibu kwenye mto na kushika ubavu wa kilima, mto ukizidi kuzama bondeni na mfongo ukibaki juu, hadi ufike kwenye mgongo kati ya korongo mbili ambako watu wanaishi. Sehemu nyingine ulipita kwenye mabomba ya magogo yaliyochimbwa. Jioni maji yalielekezwa kwenye nduwa, bwawa la kuhifadhi, yakajaa usiku na kufunguliwa asubuhi.

Maji hayo yalikuwa na serikali yake. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na haki nao, na meni mfongo, mzee wa mfongo, aliamua zamu na kuitisha kazi ya kufukua matope na kukarabati banio. Aliyekwepa kazi alitozwa mbege, pombe ya ndizi, au alifungiwa maji. Waliohitaji kujiunga waliomba kwa adabu. Jani la isale, ambalo kwa Mchagga ni ishara ya amani na ya mpaka, lilikuwa na nafasi katika makubaliano hayo. Kwa mpangilio huo migomba ya kihamba, shamba la nyumbani, ilinyweshwa, na ulezi wa kutengenezea mbege ulilimwa wakati wa kiangazi kwenye mashamba ya chini, msimu ambao sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimelala. Wachagga walijua jambo ambalo London ililijua mwaka 1613: chemchemi ni kalenda ya pili, inakupa msimu ambao mvua haikupi.

Kila anayesifu mifongo aseme pia kwamba haikuwa paradiso. Iliwabagua wanawake, ambao hawakuruhusiwa kukaribia banio ilhali wao ndio waliobeba maji. Na mamangi walipopigana, mabanio yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibiwa.

Reli, Majengo na miwa

Boma la Wajerumani lilikuwa Moshi ya Kale, juu mlimani, mahali alipokuwa Mangi Rindi na ambapo Mangi Meli alinyongwa Machi 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, haikuweza kupanda huko. Ilisimama tambarare, na mji ukaifuata. Ndipo Moshi tunayoijua ikaota, kwenye mkanda uleule wa chemchemi, kati ya Karanga na Rau. Wahandisi wa reli walitafuta ardhi bapa na maji ya injini za mvuke. Mlima ulikuwa umeviweka vyote viwili mahali pamoja.

Majengo ni mtoto wa reli hiyo, kama zilivyo Majengo nyingi za miji ya Afrika Mashariki: mtaa wa wafanyakazi, wachuuzi na mafundi, wa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, wa Wapare, Wasambaa, Wachagga walioshuka kutoka vihambani na watu wa pwani waliopanda na treni. Mchagga aliyehamia hapa aliacha haki ya mfongo mlimani. Mjini hakuna meni mfongo. Kuna bomba, na baadaye bili. Ni mabadiliko makubwa katika uhusiano wa mtu na maji, na nadhani ndiyo sababu mjini tulianza kusahau chanzo: mtu asiyeitwa kufukua mfereji hana haja ya kujua unaanzia wapi.

Juu mlimani mabadiliko mengine yalikuwa yanaendelea. Kahawa, iliyoanzia kwenye misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilihitaji maji ya kuoshea. Walowezi walichukua mashamba miteremko ya chini na kudai maji ya mito ileile. Chini kabisa, Arusha Chini, kampuni ya Mdenmaki A. P. Møller ilianzisha mwaka 1930 mashamba ya miwa ya TPC, ambayo hadi leo yanakunywa Weruweru, Kikuletwa na visima virefu. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya maji mwaka 1923, na maafisa wake wakaanza kulalamika kwamba mifongo inapoteza maji. Yanapotea kwenda wapi? Mengi ya yanayovuja kwenye mfongo huzama tena ardhini na kuibukia chini. Mfereji unaovuja juu ya mlima unaovuja hauwezi kuhesabiwa kama tangi la bati.

Jambo moja la wakati huo lilikuwa la busara. Msitu ulitangazwa hifadhi mwaka 1921, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili kuuzunguka kwa chini, uliosimamiwa na baraza la Wachagga, ili watu wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu wenyewe. Ulikuwa ni mpango unaokubali kwamba anayeishi jirani na chanzo lazima ale kutokana na chanzo.

Mpunga wa Mabogini

Baada ya Uhuru maji yakapewa majukumu mapya. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 mahali Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, likaleta umeme wa megawati 8 na perege wa kutosha kulisha mkoa. Hale, kwenye mto Pangani, ilianza mwaka 1964 ikiwa na megawati 21, na Pangani mpya mwaka 1995 ikiwa na 68. Kila lita inayobaki kwenye jaruba au kwenye kihamba ni lita ambayo haipiti kwenye mitambo hiyo, na mvutano huo haujaisha.

Lakini mahali pa kujifunza zaidi pako karibu na Majengo kuliko Hale. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada na mkopo wa Japani, wenye eneo la hekta 2,300 katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni, Oria na Kaloleni. Kati ya hizo hekta 1,100 zilipangiwa mpunga. Maji yalitoka mahali pawili: banio la Njoro, linalolishwa na chemchemi, na banio la mto Rau. Mavuno ya mpunga yalipanda kutoka tani 2 hivi kwa hekta hadi zaidi ya 6. Mwaka 1994 Chekereni ikapata kituo cha mafunzo ya kilimo, KATC, na watu wakaja kutoka mikoa mingine kujifunza kupanda kwa mistari.

Mafanikio hayo yakazaa tatizo. Wakulima walio juu ya banio, nje ya mradi, walitazama bei ya mchele wakafanya ambalo mkulima yeyote mwenye akili angefanya: wakachimba majaruba yao. Hakuna aliyewazuia, wala si rahisi kusema walikosea, kwani mto ulikuwa unapita mlangoni kwao kabla ya mradi. Matokeo yake maji ya Rau yaliyofika chini yakapungua, na kila msimu sehemu ya majaruba yaliyosanifiwa na wahandisi ikabaki bila zamu. Mradi ulikuwa na kila kitu isipokuwa meni mfongo mwenye mamlaka ya mto mzima. Ofisi ya Bonde la Maji la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake hapa Moshi, ilipewa kazi hiyo kwa bonde lenye takriban kilomita za mraba 43,000, na ilipoanza kudai vibali na ada kwa watumiaji wa mifongo, wazee wengi walijibu kwamba maji ni ya Mungu na mfereji ni wa babu. Jibu hilo lina hoja ndani yake. Anayedai ada lazima aonyeshe anachotunza.

Nani analipia msitu

Hatari kubwa zaidi iko juu. Kwa makadirio ya Hemp, mioto ya tangu miaka ya 1970 imekula vichaka na miti ya ukanda wa juu wa msitu, ile inayonasa ukungu, kiasi kwamba maji yaliyopotea kwa mwaka yanalingana na mahitaji ya maji ya watu milioni moja wanaouzunguka mlima. Oktoba 2020 moto uliteketeza takriban kilomita za mraba 95. Dunia nzima ilitazama picha, na wengi waliuliza barafu imesalimika? Swali sahihi lilikuwa kuhusu vichaka vya Erika.

Idadi yetu nayo haisubiri. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Moshi na watu 184,292. Ya 2022 ikawakuta 221,733. Kadiri chemchemi zinavyoelemewa, suluhisho jepesi ni kisima kirefu, na mji tayari unavyo. Kisima kirefu si dhambi. Lakini kinachota kutoka kwenye mtungi uleule, na vijito vya chaki vya Uingereza vimetuonyesha kinachotokea pampu zikitangulia vipimo.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Ni sheria njema, na Njoro na Rau zinaihitaji sana, maana matofali na majaruba yanasogea kila mwaka. Ila mita 60 zinalinda mahali maji yanapotokea. Hazigusi mahali yanapoingilia, ambapo pako juu zaidi ya mita elfu moja na umbali wa saa nyingi kwa miguu. Pale juu mambo yamekwenda namna nyingine: mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ukanda wa nusu maili pamoja nao. Ulinzi uliongezeka, na mama wa Kibosho au Marangu aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe mle kwa haki aliyorithi tangu 1941 akajikuta anaweza kukamatwa kwa jambo lilelile.

Ulinzi wa msitu na haki ya wanaopakana nao lazima vikutanishwe. Majengo na mitaa mingine ya mji hulipa bili ya maji kila mwezi, na ndani ya bili hiyo bomba, pampu, dawa na mishahara vina hesabu yake. Msitu hauna. Sehemu ndogo ya kila yuniti ingeweza kwenda vijiji vinavyopakana na msitu, kwa ajili ya miche ya mikulo na ya majani ya mifugo nje ya mpaka, na kwa ajili ya vijana wa kuzima moto mapema, ambao leo huitwa moto ukiwa umeshakula Erika. Bodi za maji za Uroki-Bomang'ombe, Losaa-KIA na Lawate-Fuka kule Hai na Siha zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wananchi wanaweza kukusanya fedha ya maji, kuitunza na kuitolea hesabu. Kinachobaki ni wakazi wa Majengo kudai, kwenye mikutano ya kata na kwa madiwani wao, kwamba bili yao ifike hadi msituni.